Pumzi ya Chokaa

Sikio lilisema ukuta uko hai. Ukucha wa Mwatime ulisema umekufa.

Sikio lenyewe lilikuwa bakuli la mpira, ukubwa wa kifuu cha nazi, lenye mrija na kioo kidogo cha namba. Ukilibana ukutani kwa robo saa linakuambia ukuta umevuta hewa ukaa kiasi gani. Kwa miaka sita Mwatime binti Kombo, mpima pumzi wa Tanurini, alikuwa akilibana kwenye kuta za mji, kila mwezi mara moja, na kila mwezi wodi ya wazazi ilitia fora. Ilivuta mara tatu ya jengo lolote la saruji hai katika wilaya nzima. Asubuhi ile pia namba zilipanda, taa ya kijani ikawaka, kioo kikaandika HAI. Angefunga mkoba wake akaenda zake, kama si kitanda namba nne.

Kitanda kile cha chuma kilikuwa kimesogezwa usiku, na pembe yake ikabandua ukutani pande la chokaa lenye ukubwa wa kiganja. Mwatime aliinama, akatia ukucha. Sasa, saruji hai inajulikana. Ni kijani iliyofifia, ina ubichi, ukiinusa inanuka kisima. Ndani yake mna vijidudu vinavyokula hewa na kutema jiwe, kama yanavyofanya matumbawe baharini, na hilo jiwe ndilo ukuta. Hapa palikuwa pakavu na peusi, pa kumomonyoka kama ukoko uliosahauliwa motoni. Akakwangua zaidi. Vumbi jeusi likamwagikia kandambili zake. Na nyuma ya ule weusi, ndani zaidi, palikuwa na kitu chekundu, kigumu, kilichoukataa ukucha.

"Mama yangu wee," akasema.

"Mama yako yupi, na mimi nimesimama hapa?" Bi Mwanasiti, mkunga mkuu, alikuwa ameingia na ndoo mkono mmoja na brashi ya katani mkono wa pili. "Hebu nipishe, nilipake hilo kovu kabla mgeni wenu hajafika. Alasiri si mbali."

"Bi Mwanasiti, ukuta huu umekufa."

"Umekufaje, na mashine yako inasema unapumua? Mwezi jana ulisimama mkutanoni ukasema wodi yetu inapumua kuliko zote. Tukakupigia vigelegele, mimi koo likanikauka siku mbili."

"Chokaa hii nani kapaka?"

"Mimi. Tangu mwaka wa kwanza."

"Si mmekatazwa!"

"Tumekatazwa rangi." Bi Mwanasiti aliweka ndoo chini, akanyoosha brashi mlangoni palipobandikwa Amri. "Soma. 'Ni marufuku kupaka rangi kuta hai.' Mimi nimepaka rangi? Chokaa ni rangi?"

Tangu azaliwe, Mwatime hajapata kumsikia mtu wa Tanurini akiita chokaa rangi. Rangi ni ya kopo, ya dukani, ya watu wa kujionyesha. Chokaa ni usafi. Iko kundi moja na sabuni na ufagio. Kaburi hupakwa chokaa, shina la mnazi hupakwa chokaa, chumba cha mzazi hakikai bila chokaa mpaka arobaini yake ipite. Lakini walioandika Amri waliiandika ghorofa ya kumi na mbili, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiosha chumba cha mzazi.

"Mwanamke atoke na uchungu wake," Bi Mwanasiti aliendelea, maana akianza huwa hashikiki, "nimlaze ubavuni mwa ukuta wa kuota ukungu kama choo cha stendi? Atasema nini? Mama mkwe wake atasema nini?"

"Mimi ningeondoka na tumbo langu," alisema mwanamke wa kitanda namba sita, na wodi nzima, wanawake kumi na mmoja, wakacheka.

"Mnapaka mara ngapi?"

"Kila mwezi. Siku moja kabla hujaja kupima. Mgeni akija nyumba husafishwa, au nalo hukufundishwa?"

Mwatime alichukua sikio, akachukua ile ndoo na brashi, akatoka nje.

*

Wazee wa Tanurini hawakuiita saruji kwa jina hilo. Waliiita udongo ulaya. Jiwe lilikuwa la Tanurini, mikono iliyolivunja ilikuwa ya Tanurini, mapafu yaliyopokea vumbi lake yalikuwa ya Tanurini. Udongo ndio uliokuwa wa Ulaya. Kampuni ya saruji ilichoma jiwe hapo miaka sitini na mbili. Vumbi lilitua juu ya mabati, mvua ikalipiga, likaganda, mabati yakawa mawe. Kisamvu kilioshwa maji matatu na bado kilisaga meno. Kombo, babake Mwatime, alifanya kazi mdomoni mwa tanuri, na siku alipokufa Kampuni ilileta rambirambi: mifuko kumi ya saruji, ya kujengea kaburi. Mtu asije akasema leo kwamba hayo yamepita. Hayajapita. Yamelala tu, na yana usingizi mwepesi.

Mwatime alikuwa na miaka kumi na saba aliposimama barabarani mbele ya malori, ameinua juu picha ya kifua cha baba yake ili jua lipite, kila dereva aone. Miaka minane walisimama. Kisha dunia yenyewe ilipowaka joto mpaka matajiri nao wakatoka jasho, ndipo ikakumbukwa kwamba katika kila sehemu mia za hewa ukaa waliyoitoa binadamu, saba au nane zilitoka kwenye matanuri ya saruji. Ikaja Amri. Marufuku kuchoma jiwe, popote, kwa kiasi chochote. Adhabu miaka mitano. Majengo yote mapya yawe ya saruji hai. Na ukuta hai ukifa, uvunjwe ndani ya siku saba, kwa sababu saruji hai iliyokufa hurudi kuwa mchanga. Ghala moja la mahindi huko bara lilishuka lote kama uji unaomwagwa. Mungu aliepusha, lilikuwa Ijumaa, watu wako msikitini.

Basi Mwatime alikuwa mtu wa Amri. Aliipigania kwa picha ya mapafu ya baba yake. Na sasa alikuwa nyuma ya wodi ameshika sikio, akifanya jambo ambalo angemwona mwenzake akilifanya angemwita mwendawazimu: alikuwa akipima pumzi ya jiwe.

Lilikuwa jiwe la kifusi cha kiwanda, limekufa tangu Adamu. Akabana sikio, akangoja. Sufuri. Akachovya brashi kwenye ndoo ya Bi Mwanasiti, akalipaka chokaa, akaliacha lishike kidogo, akabana tena. Namba zikapanda, taa ikawaka. HAI.

Akapaka kipande cha bati kuukuu. HAI.

"Hebu nami nipake hapa," alisema Bi Mwanasiti, akiufunua mkono wake. "Miaka sitini na nne hii, sina uhakika."

Mwatime hakucheka. Alikuwa akikumbuka kitabu alichokisoma mwenyewe, kwa taa ya kuazima, bila mwalimu, wakati wa kupigana na Kampuni. Jiwe la chokaa ni jiwe lililofunga hewa ukaa ndani yake. Lichome kilo mia, utabaki na kilo hamsini na sita. Arobaini na nne zimepanda angani. Kinachobaki ni chokaa, na chokaa ni kitu chenye majuto: kinaitaka ile hewa yake. Kila unapokipaka ukutani kinaivuta polepole mpaka kiwe jiwe tena. Sikio halijui nani anavuta. Linajua kuvuta tu.

Miaka sita alikuwa amepima majuto ya chokaa, akayaandika kuwa ni uhai.

Na kwa sababu ya namba hizo, leo alasiri mhandisi wa Mamlaka ya Hewa alikuwa anakuja kutia sahihi: wodi kumi na tano mpya, wilaya kumi na tano, zote kwa mfano wa Tanurini.

"Chokaa yenyewe mnaitoa wapi?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa ameshaanza kulijua. Chokaa haichimbwi. Chokaa huchomwa.

Bi Mwanasiti, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitazama pembeni. "Usimtaabishe yule mzee wa kiwandani, mwanangu."

*

Fundi Mntambo alikuwa katika banda la mwisho la kiwanda kilichokufa, amekaa juu ya debe, anatwanga. Kinu kilikuwa cha mti, mchi wa chuma, na kilichotwangwa kilitoa vumbi jekundu. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Alifanya kazi tanuri moja na Kombo, zamu moja, na ndiye aliyemfumba macho.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, binti Kombo. Umechelewa miaka mitano."

"Ulikuwa unaningoja?"

"Nilisema, huyu mtoto anapima ukuta kila mwezi, ipo siku atautazama."

Mwatime aliketi juu ya tofali bila kukaribishwa. "Chekundu kilichomo ukutani ni nini?"

"Vigae." Akamwonyesha lundo: vyungu vilivyovunjika, mitungi, bakuli za udongo, taka za jikoni za mji mzima. "Ninavitwanga mpaka viwe laini kama unga wa dengu. Chokaa peke yake ni dhaifu, mvua inaiosha. Kigae peke yake ni uchafu wa jalalani. Ukiwachanganya wanaoana, na ndoa yao haivunjiki hata chini ya maji. Hii ni kazi ya wazee waliojenga visima kabla udongo ulaya haujazaliwa. Kampuni ilipokuja ilituambia tuisahau. Sisi wengine tulijifanya tumesahau."

"Na wodi?"

"Wodi iliniita yenyewe. Niliegemea ukuta siku moja, bega likazama. Nikaanza kwa nje, shubiri moja moja. Natoa mfu, naweka changu. Kama fundi cherehani anayetia kiraka kanzu ingali mwilini mwa mtu. Miaka mitano."

"Kwa hiyo kinachoisimamisha wodi..."

"Vyungu vya wake za watu."

Angetaka kucheka, angetaka kulia. Badala yake alisimama na sauti ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Umewasha tanuri! Wewe! Uliyemzika baba yangu na vumbi lake puani!"

Mzee hakukasirika. Alijizoazoa kutoka juu ya debe, akamwongoza hadi nyuma ya banda, akainua bati lililolala chini. Palikuwa na shimo lenye majivu, karai lingeweza kulifunika.

"Tanuri la baba yako lilikuwa refu kama msikiti na mnara wake. Hili langu ukitaka kumpikia mkwe muhogo utaaibika. Nachoma kwa vifuu na pumba za mpunga. Ndiyo, nimechoma jiwe. Sikatai."

Mwatime alichuchumaa ukingoni mwa shimo, akaanza kufanya alichozoea kufanya, kupima. Kampuni ilitaka moto wa nyuzi elfu moja mia nne na zaidi, makaa ya mawe kwa malori, ili ipate klinka, kokoto zile nyeusi zinazosagwa kuwa saruji. Chungu kimeshaiva kwa mfinyanzi kwa nyuzi mia saba, na kimeivishwa kwa kazi nyingine. Kigae ni cha bure. Kinachochomwa hapa ni kile kipimo kimoja tu cha chokaa. Jiwe likiungua linatoa hewa, chokaa ukutani inairudisha sehemu kubwa. Vifuu vilivuta hewa mwaka jana, vimeirudisha mwaka huu. Akajumlisha, akatoa, akajumlisha tena. Kila alipofika mwisho alikuta kilichobaki ni kidogo mno kuitwa dhambi na ni kikubwa mno kuitwa si kitu.

"Basi kosa liko wapi?" akauliza, kama mtoto.

"Mimi unaniuliza? Wewe ndiye mwenye mashine."

"Nitasema shimo hili si tanuri. Nitaandika..."

"Usinitafutie usafi," Fundi alimkata, na sasa ndiyo kulikuwa na moto katika sauti yake. "Ukiandika shimo la Mntambo si kitu, kesho Kampuni itakuja na wanasheria wake na kusema na sisi letu ni shimo, kubwa kidogo. Unafikiri wamekwenda wapi wale? Wako mpakani, wamekaa juu ya mitambo yao, wanangoja tundu la sindano. Amri ile tuliiandika kwa mifupa ya wenzetu, na mimi ndiye niliyeivunja. Yote mawili ni kweli. Hata mimi hunichanganya, nikilala."

Mwatime alilirudisha bati juu ya shimo.

"Ukuta ulikufa lini?" Mwatime aliuliza hatimaye.

"Kiangazi cha pili. Ulikuwa unakunywa madumu arobaini kwa siku, huo ukuta wenu. Kisima kilipopungua wanawake wakachota maji ya watoto. Ukuta wakauacha na kiu yake."

"Lakini Bi Mwanasiti amepaka chokaa tangu mwaka wa kwanza. Chokaa inaunguza. Ingeweza kuvichoma vijidudu."

"Ingeweza."

"Sasa ni kipi? Kiu au chokaa?"

"Mwanangu, maiti ameshaoza, wewe unamuuliza alikufa na nini."

"Lazima nijue!" Akamshika mzee mkono. "Kama ni chokaa, basi ni kosa letu, na hizo wodi kumi na tano zitasimama, mradi wakatazwe kuzipaka. Kama ni kiu, zote zitakufa, zote, na huko hakuna wewe wa kuzitia viraka. Ukuta mfu bila vigae vyako unakaa muda gani?"

Fundi Mntambo alitazama mbingu, kama mtu anayetafuta wingu.

"Masika ya pili," akasema. "Ya tatu nisingemlaza mtu humo."

*

Mhandisi Lukelo alifika na gari la umeme lililojaa vumbi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano hivi, mtu wa nyanda za juu aliyekuwa akiyeyuka kwa joto la Tanurini, na alikuwa mpole, jambo lililomuudhi Mwatime, maana alikuwa amejiandalia mtu wa kugombana naye. Aliwaamkia akina mama kitanda kwa kitanda. Alimbeba mtoto mmoja akampa sifa. Kisha akatoa sikio lake mwenyewe, jipya, la kung'aa, akalibana ukutani.

Bi Mwanasiti alikuwa ameshapaka. Ukuta wote ulikuwa mweupe kama sanda mpya, na lile kovu la kitanda namba nne halikuonekana tena.

HAI, kikaandika kioo, na namba zilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa.

"Mashallah," alisema Mhandisi, ingawa hakuwa Mwislamu. "Dada Mwatime, hongera. Nipe sahihi yako hapa, nami nitie yangu, tumalize."

Karatasi ilikuwa na visanduku viwili: HAI, MFU. Mwatime aliipokea, akaishika. Kumi na mmoja walikuwa wakimtazama kutoka vitandani. Kabla ya wodi hii wajawazito wa Tanurini walipelekwa hospitali ya wilaya, kilomita sabini, juu ya tela la trekta. Masika moja tu Bi Mwanasiti alizika wanne. Akiandika MFU, siku ya saba tingatinga litakuwa mlangoni, na mvua ziko wiki tatu mbele. Na Fundi atalala jela. Akiandika HAI, mahali kumi na tano asipopajua, wanawake asiowajua majina watalazwa chini ya mchanga uliosahau kuanguka. Alijaribu kuziona nyuso zao ili apime. Hakuziona. Hiyo nayo ilimtisha, kwamba nyuso za hapa zilikuwa na uzito na za kule hazina.

"Umekufa," akasema.

"Nini?"

"Ukuta. Umekufa tangu mwaka wa pili."

Mhandisi alicheka kidogo, kwa adabu. Alipoona hakuna anayecheka naye akapunguza sauti. "Dada, mashine yako imesema hai miaka sita. Yangu imesema hai sasa hivi. Wewe una nini?"

"Nina ukucha."

"Mwatime," Bi Mwanasiti alisema taratibu, "nyamaza, mwanangu."

"Ninyamaze?"

"Watoto hawa wana siku mbili. Nyamaza leo, useme kesho."

"Kesho atakuwa ameshatia sahihi."

Mhandisi alimvuta pembeni karibu na dirisha. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. "Sikiliza. Mimi dada yangu alizalia juu ya pikipiki. Nimezipigania wodi hizi miaka minne. Wapo wakubwa wanaosema saruji hai ni mchezo wa watoto, turudishe Kampuni, tujenge haraka. Ukiniambia huu umekufa, hao ndio utakaokuwa umewapa kalamu. Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli na hapakuwa na kisanduku chake. Alikuwa na hakika ukuta umekufa. Hakujua ni nani aliyeuua. Alijua kinachousimamisha, hakujua kama ni dawa au ni ugonjwa uleule uliorudi umevaa kanzu. Akafungua mkoba, akatoa keekee ya kutolea sampuli, akaenda kwenye kitanda namba nne. Mwanamke aliyelala hapo alimkumbatia mwanawe, akajikunyata upande wa pili.

"Nitakuonyesha," alisema. Akaiweka ncha ukutani.

"Si hapo."

Wote waligeuka. Fundi Mntambo alikuwa mlangoni, amevua viatu, kofia mkononi. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko, hakuwa hata amenawa.

"Hapo panabeba boriti," alisema. "Ukitoboa hapo utawaamsha watoto wote kwa dari. Njoo huku." Akapita katikati ya vitanda, akiomba radhi kila hatua, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, tap, tap, mpaka akafika pembeni mwa dirisha. "Hapa. Polepole. Usiisukume, iache ijiendee."

"Huyu mzee ni nani?" aliuliza Mhandisi.

Mwatime alimtazama Fundi usoni akitafuta ruhusa au lawama, asione kimojawapo. Aliona mtu anayeangalia kazi isiharibike. Akabonyeza. Keekee ililia. Ukatoka weupe, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu; ukatoka weusi, ukamwagika sakafuni wenyewe; kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito, na alipoichomoa, ndani ya bomba la keekee palikuwa na mche mwekundu wa urefu wa kidole, laini, usio na ufa.

Mhandisi aliupokea. Akaubonyeza kwa ukucha. Akaupiga kwenye chuma cha kitanda, ukalia kama kengele ndogo. Akautia kwenye glasi ya maji ya mgonjwa, akangoja, akautoa, akaubonyeza tena. Alisahau kwamba kuna watu.

"Hii si saruji hai," akasema.

"La," alisema Mwatime.

"Si saruji ya Kampuni pia. Ni nini hii? Nani ameiweka humu?"

Bi Mwanasiti alijisogeza mbele ya Fundi, kwa ukubwa wake wote na ndoo yake. Mzee akamgusa bega, akampita.

"Mimi. Kigae cha kutwanga, vipimo vitatu. Chokaa, kipimo kimoja."

"Chokaa umeipata wapi?"

"Nimechoma."

Mhandisi alivuta kiti, akaketi, akaigeuza ile karatasi ya visanduku viwili, akaiweka gotini upande wake mtupu. Akatoa kalamu. Aliandika mstari mmoja juu kabisa, akaupigia mstari chini yake, na kutoka aliposimama Mwatime hakuweza kuusoma.

"Jina."

"Mntambo. Athumani Mntambo."

"Umechoma kwa nini, kwa makaa?"

"Kwa vifuu. Na pumba."

"Mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara nane. Mwaka wa mvua nyingi, mara tano."

Kalamu ilikwenda. Mwatime alijaribu kumsoma usoni asimsome. Maswali yale ndiyo ambayo polisi angeyauliza, na ndiyo ambayo mwanafunzi angeyauliza. Alisogea hatua moja. Mhandisi, bila kuinua kichwa, akaiinamisha karatasi upande wake.

"Unaandika nini?" Mwatime aliuliza.

"Ngoja, dada."

"Unaandika mashtaka au unaandika kanuni ya kujengea?"

"Nimesema ngoja." Sauti yake ilikuwa imechoka, na, kusema kweli, nayo ilikuwa imepotea njia. "Mzee, endelea. Vigae vitatu, chokaa moja."

Fundi Mntambo alikuwa amesimama wima mbele yake, kofia kifuani, akisema neno moja moja na kutulia, akiingoja kalamu imfikie. Kisha akainama kidogo, akachungulia yale maandishi, akatikisa kichwa.

"Umeandika vigae tu," alisema. "Andika vigae vya vyungu. Vya mapaa vimeungua mno, havishiki. Watu watakufa."

Mhandisi alikata neno, akaandika upya.